Mikono Namwachia Dada

Wasifu wa mdogo wangu, mchoraji wa matangazo aliyejulikana na wengi kwa jina la Povu (1965–2024). Umeandikwa na kusomwa na dada yake.

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wachoraji mliokuja kwa wingi mpaka viti vya kukodi vimekwisha, poleni na ahsanteni. Kamati ya mazishi ilinipa kurasa mbili za ratiba niandike maisha ya mdogo wangu. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni binamu yetu, alisoma niliyoandika mara ya kwanza akavua miwani. "Dada," akaniambia, "hii inasikika kama unamgombeza marehemu." Nikamjibu kwamba mimi na marehemu hatukuwahi kuzungumza namna nyingine. Basi nimepunguza hapa na pale. Lipo jambo moja tu ambalo sikulipunguza, nalo linahusu mikono miwili ambayo karibu nyote mliokaa hapa mmewahi kuiona, na nataka leo mjue aliyeichora kabla hatujamfunika mdogo wangu kwa udongo. Nitafika huko. Kwanza nimzae.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1965, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa duka la baba, fundi cherehani wa suti na sare za shule. Mama alikuwa mkunga msaidizi, aliyewazalisha wengi lakini siku ile akazalishwa na jirani. Kaka yetu ndiye wa kwanza, mimi nikafuata, na marehemu akawa kitinda mimba. Mimi nilikuwa na miaka miwili, na mpaka asubuhi ile mgongo wa mama ulikuwa wangu. Wanasema nililia kuliko mtoto mchanga. Sikumbuki, lakini nasadiki, kwa sababu gere niliyomwonea mdogo wangu siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Baba alikatia mitindo ya nguo kwenye karatasi ngumu ya kahawia, na mabaki yake yaliangukia chini ya meza. Huko chini ndiko tulikojifunzia kuchora. Nilimfundisha mimi kushika penseli. Hilo hata yeye hakuwahi kulikana. Alipenda kuchora wateja waliosimama kupimwa: mwalimu mwenye kitambi aliyejibana pumzi, bwana harusi aliyekuwa akijitazama kwenye kioo. Nyuso zao alizipata. Miguu aliipata. Akifika kwenye kifundo cha mkono, kazi iliharibika. Vidole vilimtokea mara vinne, mara saba, na siku moja bwana harusi wa watu alipata mkono kama reki. Basi akazoea kuacha pale pawazi. Alinisukumia karatasi na kusema, "Mikono namwachia dada," kisha akaanza kumchora mteja mwingine.

Mimi mikono niliiweza. Sijui niliiwezaje, labda ni kwa kutazama mikono ya baba ikisukuma kitambaa chini ya sindano mchana kutwa. Nilijua kidole cha shahada kinavyopinda kikibonyeza, na ngozi ya kifundo inavyokunjamana mtu akishika mkasi. Baba alizibandika picha zetu kwenye ukuta wa duka, juu ya ndoano za tepu. Wateja waliuliza, "Nani mchoraji humu?" Baba alijibu, "Wote wawili, yule mtu na huyu mikono." Ulikuwa mgawanyo wa haki, na sikuwahi kusikia mwingine wa haki kama ule.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha sekondari niliyokuwa nikisoma mimi, kuanzia 1979 hadi 1982. Katika hesabu alikuwa wa wastani. Katika historia alipata alama kwa kuchora ramani zenye nyangumi baharini. Mwaka 1980, mimi nikiwa kidato cha nne na yeye cha pili, mwalimu wa sanaa alitaka picha za kuonyeshwa siku ya wazazi. Marehemu akamchora baba akiwa kwenye cherehani, akanisukumia karatasi kama kawaida yetu, nami nikamalizia mikono. Nilikaa nayo Jumapili nzima. Picha ilitundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, chini yake jina moja tu, la kwake. Asubuhi, shule nzima ikiwa mstarini, mwalimu aliinyanyua juu. "Tazameni mikono hii!" alisema. "Tazameni kucha! Na huyu ni mtoto wa kidato cha pili!"

Marehemu aligeuka kunitafuta kwenye mstari wa kidato cha nne. Nilitazama viatu vyangu. Niliendelea kuvitazama mpaka mstari ukavunjwa.

Wiki iliyofuata kidato cha pili waliambiwa wachore mama anayefua. Tulikuwa mezani, tumemaliza kula. Alichora mama wa watu vizuri, ameinama, kanga imebana kiunoni, kisha akanisukumia karatasi. Nikamrudishia.

"Mikono namwachia dada," akasema, akidhani sikusikia.

"Dada kaacha kazi. Mikono yako jichoree."

"Utani huo?"

"Niulize tena uone."

Karatasi ikawa inakwenda na kurudi juu ya meza mpaka mama akainyakua na kuiweka juu ya kabati, akisema tukitaka kugombana tugombanie vyombo vya kuosha. Kulipokucha niliiona imekamilika. Alikuwa amechora karai, na ndani ya karai povu, povu jingi la kufika viwikoni, na mikono ya yule mama yote imezama humo. Hakuna kidole hata kimoja. Mwalimu wa sanaa alipoiona alicheka mpaka akakaa. Alimwita Povu siku hiyo, na jina hilo ndilo mnaloliona kwenye jalada la ratiba mliyoshika.

Wengi mmeandika juu ya mtindo wa marehemu. Kijana mmoja ameandika tasnifu chuoni kuhusu mikono iliyofichwa katika kazi za Povu, akasema ni ishara ya jamii isiyoona jasho la wanaofanya kazi. Sawa, huenda. Lakini mimi nilikuwepo mezani. Mikono ilifichwa kwa sababu nilimnyima. Hivyo kama mtindo ule una mzazi, mzazi wake ni mimi, na sisemi kwa kujuta. Nasema kwa sababu sijawahi kutajwa kwenye tasnifu yoyote.

Januari 1983 alianza kazi katika karakana ya mabango, akipaka vibao vya saluni, vya mafundi viatu na vya kliniki za meno. Mimi nilikuwa nimeajiriwa tangu 1981 katika kiwanda cha uchapaji, idara ya vitabu vya shule. Nilichora jicho la ng'ombe lililokatwa katikati, mzizi wa haragwe, chura tumbo wazi. Ile mikono inayonawa kwa sabuni, hatua kwa hatua, kwenye kitabu cha sayansi cha darasa la tano, ni yangu. Vitabu vya shule havina sahihi ya mchoraji. Wazazi wenzangu walinionyesha kurasa hizo watoto walipokuwa wakidurusu, na nilitikisa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza naziona.

Miaka mitano ya mwanzo marehemu alihangaika, na hapo ndipo nilipolala usingizi mzuri. Alichora kama wachoraji wa kalenda, akaacha. Akachora kama wale wa magazeti ya nje, pua kali na vivuli vingi, akaacha. Alibeba jalada lake la kazi kwapani kutoka ofisi moja hadi nyingine na kuambulia chai tu. Mhariri mmoja wa jarida, mama mkali mwenye kalamu nyekundu nyuma ya sikio, alipekua kazi zake zote akamwambia, "Mwanangu, humu ndani naona watu sita, na wote wanajua kuchora. Wewe ni yupi?"

Alikuja moja kwa moja kiwandani kwangu, akakaa juu ya marundo ya karatasi ambayo yalikatazwa kukaliwa.

"Dada, mimi ni yupi?"

"Ni yule anayenizibia mwanga," nikamwambia. Nilikuwa katikati ya jicho la ng'ombe.

Hakuondoka. Akatoa mchoro wa mama anayefua, ule ule wa shuleni, ameuchora upya kwa mistari myembamba na rangi tano. Kampuni ya sabuni ilikuwa inatafuta picha ya karatasi ya kufungia vipande vyake. Ili anipishe nimalize kazi, nilimwambia nilichokuwa nakijua kwa kukaa na mashine: karatasi ya sabuni ni nyepesi, wino unatambaa, mstari mwembamba utafifia wote. Achore mnene. Rangi tano hakuna atakayemlipia, achukue mbili. Na pale mistari inapokutana aache mwanya, wino usije ukajikusanya ukawa doa. Akaniandama na maswali mpaka kengele ya kutoka. Mistari minene, rangi mbili, mwanya pale inapokutana, mikono isiyoonekana: huyo ndiye Povu mnayemjua. Nilimpa huku namfukuza.

Sijawaambia kwamba mimi pia nilipeleka mchoro kampuni ya sabuni. Nilipeleka, mwaka huo huo wa 1988. Mama wa mchoro wangu alikuwa na mikono kamili, mishipa, kucha, na pete ya ndoa iliyolegea kwa sabuni. Tulikaa pamoja kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja wa masoko, kila mmoja na bahasha yake, kama wagonjwa. Meneja aliutazama wangu kwa muda mrefu. "Huu ni mzuri sana," akasema. "Unafaa kitabuni." Kisha akafungua wa marehemu, akacheka, akamwita katibu wake aje aone, naye akacheka, akaenda kumwita mwingine. Nilijua hapo hapo. Mchoro wangu waliusifu wameketi, wake uliwanyanyua vitini.

Mama wa Povu aliingia kila nyumba. Aliingia na kwangu. Nilinunua sabuni ya kampuni nyingine kwa muda, ikaniwasha, nikarudi kwake kimyakimya. Baadaye akaja dereva wa pakiti za majani ya chai, mikono ndani ya koti. Akaja daktari wa bango la chanjo, ameficha mikono nyuma, na watoto wote wanajua ameficha nini. Akaja mpishi aliyemezwa na mvuke wa sufuria yake. Watu wakawa wanautambua mchoro wake kutoka upande wa pili wa barabara, kabla hawajasoma bidhaa ni nini. Vijana wakaanza kumuiga, na ukafika wakati ambapo mji mzima hakuna mtu mwenye mikono ukutani. Mimi niliyejua kuchora kila kitu, hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kazi yangu akasema, huyu ni fulani. Hilo ndilo lililoniuma. Fedha na sifa zake ningemwachia, lakini lile la kutambuliwa kwa mstari mmoja nililitaka, na bado nalitaka.

Vijana walipomuuliza siri, aliwaambia watafute kwanza wasichokiweza, wachore kukizunguka, na wasione haya. Na alipohojiwa redioni, mtangazaji alimuuliza mtindo ule aliupata wapi. "Kwa dada yangu," akasema. "Alininyima mikono." Studio nzima ikaangua kicheko. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Alisema ukweli wote, mbele ya nchi nzima, na ukapita kama mzaha.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1992, na muuzaji wa duka la rangi na brashi. Wifi yangu ndiye mtu wa kwanza kumuuliza waziwazi. Alimpimia rangi ya buluu, akatazama bango alilobeba, akasema, "Kaka, watu wako wamekatwa mikono?" Marehemu akamsimulia yote, tangu karatasi za kahawia. Kadi ya harusi aliichora mwenyewe: bibi na bwana harusi kwa mgongo, na shada kubwa mno mbele yao. Wifi huyu nilimwonea wivu pia, niseme tu. Alikaa naye meza moja miaka yote ile bila kugombana, na mimi sikuweza hata mlo mmoja. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana, ambao walirithi mistari minene na, nashukuru, vidole kumi kumi wanavyojua kuvichora. Vidole hivyo walifundishwa na shangazi yao.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1998 kampuni ya mafuta ya kujipaka ilimtaka Povu, na ilimtaka Povu tu. Bidhaa yao ilikuwa mafuta ya mikono. Walitaka juu ya kopo mikono miwili ya mama, imefunguka, wa kulia umelala juu ya wa kushoto, na hakuna kingine. Alijaribu kuwashawishi wakubali mama aliyevaa glavu. Walimwuliza kama yuko sawa.

Alifika nyumbani kwangu alasiri, jalada kwapani, amekonda kwa wiki moja. Akaketi mezani bila kusalimia vizuri. Akatoa karatasi. Alikuwa amechora mikono ya nguo, vishikizo, na vifundo viwili, na pale vidole vilipotakiwa kuanza, pawazi. Akanisukumia.

"Mikono namwachia dada," akasema. Hakucheka.

Ilikuwa imepita miaka kumi na minane. Nilisukuma karatasi nusu ya njia kuirudisha, halafu nikaizuia kwa kidole.

"Na jina?"

"Weka lako."

"Chini, lionekane?"

"Weka popote. Andika hata kwenye kucha."

Niliichora mikono ya mama yetu aliyekwisha kutangulia, mikono ya mkunga, mipana, safi, iliyozoea kupokea. Niliichora kwa mistari yake minene na mianya yake, ili ikae vizuri na vishikizo vyake. Ni kazi bora niliyowahi kufanya na sitajifanya mnyenyekevu. Jina langu nililiandika chini ya kifundo cha kushoto, dogo, linasomeka.

Kampuni ikalikata. Walisema wamenunua Povu, hawakununua familia. Marehemu aligombana nao mpaka walinzi wakaitwa, na hakupewa kazi pale tena. Aliniletea kopo la kwanza mwenyewe, akaliweka mezani. "Wamekata," akasema. Nilifungua kopo nikajipaka. Mafuta yalikuwa mazuri, na hilo nalo liliniudhi.

Wiki hizo nilisimama foleni dukani nyuma ya wanawake wawili. Mmoja alishika kopo akamwambia mwenzake, "Umeona? Povu hatimaye amejifunza mikono." Mwenzake akasema, "Mwanamume ana kipaji huyu." Nilibeba mkate wangu nikaenda zangu. Magazeti yaliandika hivyo hivyo. Kopo lile bado linauzwa. Kuna mtu analo kwenye mkoba hapa, sasa hivi, nina hakika. Basi ukilitoa, ujue: mikono ile ni yangu. Hilo ndilo nililotaka kusema, na mwenyekiti wa kamati anaweza kurudisha miwani yake.

Aprili 2024 marehemu alianza kuugua tumbo, na mwezi Mei madaktari wakathibitisha saratani ya kongosho. Alitibiwa hospitalini hadi Agosti, akaomba kurudi nyumbani. Nilikwenda kukaa naye kila siku wifi alipokuwa kazini. Hakutaka kusomewa wala kuombewa mchana kutwa. Alitaka penseli.

"Dada, weka mkono hapo kwenye shuka."

"Wa nini?"

"Nijifunze. Kabla hawajanifungia duka."

Akaanza kunichora mkono, mgonjwa wa kuhesabiwa mbavu, ameegemea mito mitatu. Wa kwanza ulikuwa kama glavu iliyojaa maji, nikacheka mpaka nikatokwa machozi. Wa pili tuliuita kichane cha ndizi. Nilimsahihisha kama zamani, kidole hiki kifupi, hapa pinda, gumba halitoki huko, na alinijibu kwa matusi ya kitoto ambayo mwenyekiti ameyafuta. Hakuwahi kuuweza. Naomba lijulikane na hilo.

Siku moja binti yake aliingia na uji, akaokota karatasi moja sakafuni. Ilikuwa mbaya, mbaya kabisa, vidole kama nguzo za uzio. Akaitazama kidogo tu. "Huyu si shangazi?" akasema.

Nikaichukua. Kidole changu kidogo kimepinda tangu sindano ya cherehani ya baba iliponipitia nikiwa mtoto. Sijawahi kukichora kilivyo. Kila mkono niliochora maishani nilinyoosha kidole hicho. Yeye alikiona. Kwa mistari minne isiyojua njia, alikuwa ameniweka pale, mimi na si mtu mwingine. Roho iliniuma kuliko ile siku ya mstarini. Nilimwambia mkono umekosewa gumba, nikaenda kuosha bilauri.

Picha ya marehemu iliyo mbele ya ratiba yenu nimeichora mimi. Nimechora kila unywele. Asubuhi hii mama mmoja mwema amenishika bega akaniuliza, "Picha hii nzuri amepiga nani?" Ule mkono mbaya umechapwa ukurasa wa nyuma, na hakuna aliyeniuliza ni wa nani wala umechorwa na nani.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkewe na watoto wakiwa kando ya kitanda. Mimi nilikuwa njiani, nimebeba penseli mpya.

Kwenye chumba cha maiti, mhudumu alituuliza mikono ilazwe vipi. Wachoraji wenzake walikuwa wameshakubaliana: itiwe mifukoni mwa koti, kama watu wake wote. Baba yetu mdogo akasema mtu hazikwi kama anasubiri basi. Wakaanza kubishana pale pale mlangoni. Rai ya mifukoni niliiona ni nzuri na ilinikera kwamba haikuwa yangu. Wifi ndiye aliyewanyamazisha. Alisema marehemu aliacha neno kuhusu hilo wiki ya mwisho, na kwamba aliona aibu kulisema mbele yangu kwa sababu alidhani ningeligeuza ugomvi.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema mikono aachiwe dada."

Niliingia peke yangu. Sikuitia mifukoni. Nililaza wa kulia juu ya wa kushoto, imefunguka kidogo, kama ya kwenye kopo. Vidole vilikuwa vigumu na ilichukua muda, lakini nimevipata, vyote kumi, na gumba liko mahali pake. Mtakapopita kumuaga mtaiona. Msimsifu yeye.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mkwe mmoja, mjukuu wa kike mwenye miaka mitatu anayechora watu wenye vidole kama jua, kaka mmoja, na dada mmoja ambaye wivu wake haujapungua hata kidogo na hajui sasa atamwonea nani.

Apumzike kwa amani mdogo wangu. Mikono ameniachia mimi.